Njia Moja, Treni Mbili

Sura ya nane ya riwaya yangu ilipotea usiku mmoja mjini Handeni, na sikuwa nimefanya kosa lolote ninalolijua. Umeme haukukatika. Kompyuta haikuanguka. Hakuna mtoto aliyechezea vibonyezo. Nilikuwa nimekaa mezani naandika, nasita kidogo kutafuta neno, nahifadhi, naendelea. Mara mashine ikaleta taarifa kwamba imeshindwa kuhifadhi. Kwa hofu nikaizima, nikaiwasha upya. Faili lilikuwapo, jina lake lile lile, lakini ndani lilikuwa tupu kama gamba la konokono.

Ndugu msomaji, kama nawe unaandika, sina haja ya kukueleza jasho lililonitoka. Sura ile ilikuwa na kurasa 31. Ilibeba simulizi ya bibi yangu, mzaa mama, kuhusu siku walipohamishwa kuingia kijiji cha ujamaa mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Alinieleza alibeba nini kichwani, aliacha nini shambani, na ni nani aligeuka nyuma kutazama nyumba ikibaki peke yake. Alisimulia kwa Kizigua, mimi nikawa nageuza Kiswahili papo hapo huku nachapa. Sikumrekodi sauti. Miezi miwili kabla ya usiku ule, bibi alifariki.

Basi msinione wa ajabu nikiwaletea, katika kurasa zetu hizi za hadithi na mashairi, makala ya historia ya kosa la kompyuta. Nilitaka kujua nani kaniulia sura yangu. Nikamfuata muuaji, na njia ikanipeleka kwenye reli ya Tanga.

Asubuhi yake nilipanda gari kwenda Korogwe, kilomita 65 hivi, nikamwone fundi mmoja ambaye ndiye aliyeniwekea Linux kwenye laptopu yangu ya mtumba. Riwaya nilikuwa nikiihifadhi kwenye memori kadi, ile ndogo ya simu, niliyoichomeka ubavuni mwa mashine. Kadi yenyewe alipoipima ilikuwa nzima. Akatunga kijiprogramu cha kuandika na kuhifadhi peke yake, bila mimi. Kikihifadhi kila sekunde moja, hakuna tatizo. Kikihifadhi kila sekunde kumi, hakuna tatizo. Lakini alipokiambia kihifadhi kila baada ya sekunde mbili, mambo yakabadilika: katika mara 200, mara 3 mashine ikagoma.

"Umeona, mdogo wangu?" akasema. "Kitu kibovu kingegoma kila mara. Hiki kinagoma mara moja moja. Hapa kuna watu wawili wanakimbizana."

Nikamwuliza watu gani tena. Akanieleza, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa.

Ndani ya kompyuta kila kifaa kina draiva wake. Draiva ni kipande cha programu kinachokijua kifaa hicho kwa undani na kukisemea kwa mashine nzima, kama mkalimani. Kadi ina draiva, kipanya kina draiva, kioo kina draiva. Zamani kazi yake ilikuwa moja tu: kupokea amri na kuitekeleza. Lakini kompyuta ya kubeba inaishi kwa betri, na betri ni kibaba. Kwa hiyo draiva akaongezewa kazi ya pili, nayo ni kukiacha kifaa kisinzie pale kisipotumika, kisile umeme bure, na kukiamsha mara kikihitajika. Draiva wa kisoma kadi changu alikuwa amepangiwa kusubiri sekunde mbili. Zikipita bila kazi, anakata umeme wa kifaa.

Sasa tazama kilichotokea. Nilikuwa nimehifadhi, kisha nikasita kutafuta neno. Sekunde mbili zikatimia. Upande mmoja wa draiva ukauliza: kuna mtu anakitumia kifaa hiki? Hakuna. Ukaanza kukata umeme. Wakati ule ule, kwa bahati mbaya, neno likanijia nami nikahifadhi. Upande wa pili wa draiva ukauliza: kifaa kiko macho? Kiko macho, maana umeme ulikuwa haujakatika bado. Ukaanza kupeleka maandishi. Programu ya kuandikia ilikuwa imeshalifuta faili la zamani ili iandike jipya juu yake. Umeme ukakatika katikati. La zamani limefutwa na jipya halijafika.

Pande zote mbili ziliuliza kabla ya kutenda, na zote zilipewa jibu la kweli. Ila jibu lilikuwa kweli lilipotolewa, na lilikuwa limeshageuka uongo lilipotumika. Wataalamu huiita hali hii mbio, kwa sababu matokeo yanategemea nani katangulia kwa nukta ndogo ya sekunde. Wahenga walituasa kwamba haraka haraka haina baraka, lakini hapa tatizo si haraka. Hata wangekwenda pole pole kama kinyonga, ajali ingekuwapo palepale kwenye ule mwanya kati ya kutazama na kutenda. Na kwa mwandishi kuna uchungu wa ziada: mwanya wenyewe ulifunguka kila niliposita kufikiri.

Jioni nikaenda kulala kwa mjomba wangu, pale pale Korogwe. Mjomba ni mstaafu wa reli.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona sura imekunjamana hivyo, nani kafa tena?"

Nikamweleza yote, nikidhani mambo ya draiva na kusinzia yatampita kando. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Kumbe hicho ndicho mnachokiita teknolojia mpya? Hicho sisi tunakijua tangu wakati wa Mjerumani."

Na hapo ndipo historia inapoanzia.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, chini ya utawala wa Wajerumani. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1912. Ni reli ya upana wa mita moja, na ni njia moja. Treni inayopanda na treni inayoshuka zinatumia vyuma vile vile. Sisi abiria tunadhani stesheni ni mahali pa kupandia na kununua machungwa. "Kwa mtu wa reli," alisema mjomba, "stesheni ni mahali pa kupishania." Treni moja inaingia kwenye njia ya pembeni, inasubiri, nyingine inapita.

"Sasa sikiliza," akaendelea. "Mimi stesheni masta niko hapa, mwenzangu yuko stesheni ya mbele. Nikichungulia nje naona njia nyeupe. Naye akichungulia anaona nyeupe. Wote tunasema kweli. Nikiruhusu treni yangu na yeye akaruhusu yake, tumeua watu. Ndiyo maana kuchungulia hakuruhusu treni. Namwomba mwenzangu njia. Akinipa, tangu dakika hiyo yeye hana tena haki ya kumruhusu mtu, mpaka treni yangu imfikie. Na dereva haondoki kwa kuambiwa tu 'nenda'. Anaondoka na ruhusa mkononi, na ruhusa ni moja."

Mjomba alikuwa ananieleza dawa ya ugonjwa wa laptopu yangu. Kuona njia iko wazi ni jambo moja, kuishika ni jambo jingine, na usalama unapatikana pale tu mambo hayo mawili yanapofanywa kuwa tendo moja ambalo mtu mwingine hawezi kupenyeza mguu katikati yake.

Somo hilo watu wa reli walilipata kwa damu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, huko Uingereza, palikuwa na njia moja kati ya mji wa Norwich na stesheni ya Brundall. Treni ya mwendo kasi kutoka London ilikuwa imechelewa. Treni ya barua ilikuwa upande wa pili ikisubiri. Mkaguzi wa zamu pale Norwich akafikiria kuileta kwanza ile ya barua, akazungumza na karani wa simu ya upepo. Muda mfupi baadaye treni ya London ikafika, nayo ikaruhusiwa kuendelea na safari. Mkaguzi alidhani ujumbe haujaenda kwa sababu hakuutia saini. Karani alikuwa ameshautuma. Walipojaribu kuufuta, jibu likarudi kwamba treni ya barua imekwisha ondoka. Zikagongana uso kwa uso mahali paitwapo Thorpe. Watu 25 walikufa.

Mwaka 1878, Mwingereza Edward Tyer alipata hataza ya chombo kilichokusudiwa kuziba mwanya ule. Aliweka mashine mbili, moja kila stesheni, zikaunganishwa kwa waya wa umeme. Ndani ya mashine kuna visahani vya chuma. Kisahani kimoja kikishatolewa upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga, hakitoki kingine mpaka kile cha kwanza kirudishwe. Dereva asiyekuwa na kisahani haingii njiani. Chombo hicho hakikumtegemea mtu mwerevu asiyesahau. Kiliufanya usahaulifu ushindwe kuua.

Tuondoke kwenye reli tuingie kwenye kompyuta, maana daraja la kuvukia lipo, na lilijengwa na Mholanzi aitwaye Edsger Dijkstra. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta zilianza kufanya kazi zaidi ya moja kwa zamu za haraka, na kazi hizo zikaanza kugombania kumbukumbu moja na mashine moja ya kuchapia. Fahali wawili hawakai zizi moja. Dijkstra akabuni namna ya kuzipanga, na jina alilolichagua ni semafoo, yaani ule mlingoti wa reli wenye mkono unaopanda na kushuka kumwambia dereva apite au asimame. Tendo la kuingia lilipewa herufi P na la kuachia herufi V, kutokana na maneno ya Kiholanzi ya kupita na ya kuachia. Mwaka 1965 alichapa makala fupi yenye suluhisho la tatizo hilo la kuhakikisha kwamba ni mmoja tu anayeingia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mjomba hakuwa anajigamba.

Lakini kujua dawa si kuinywa. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga watu 6, huko Marekani na Kanada, mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mojawapo ya sababu ilikuwa mbio kama zile za kadi yangu. Mwendeshaji mzoefu alipokosea kuandika na kurekebisha upesi, ndani ya sekunde 8 ambazo sumaku za mashine zilikuwa bado zinajipanga, upande mmoja wa programu uliona marekebisho na upande mwingine haukuyaona. Waliochapa pole pole hawakukutana nalo. Nilipolisoma hilo nikaona aibu kidogo kwa kulia juu ya kurasa 31. Aibu ikapita, kilio kikabaki.

Turudi kwenye usingizi. Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa kanuni za kwanza zilizoenea za kuokoa umeme kwenye kompyuta za kubeba, na Desemba 1996, pamoja na Toshiba, zikatoa kanuni mpya zilizoipa programu kuu ya mashine usemi mkubwa zaidi juu ya nani alale na lini. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi Linus Torvalds huko Ufini, nayo ikapaswa kujifunza kulaza vifaa. Kwa miaka mingi kila draiva alijitungia mbinu zake. Hapo ndipo mbio zilipozaliana kama sungura.

Desemba 2009, toleo la 2.6.32 la Linux lilileta utaratibu mmoja wa kusinzisha kifaa kimoja kimoja huku mashine ikiendelea na kazi. Aliyesimamia kazi hiyo ni Rafael Wysocki, Mpoland. Kiini chake ni hesabu. Kila anayetaka kukitumia kifaa anaongeza moja kwenye hesabu kabla hajakigusa, na akimaliza anapunguza moja. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, hakuna ruhusa ya kukisinzisha. Kuisoma hesabu na kuamua kulala kunafanywa chini ya kufuli moja, na kulaza na kuamsha kifaa kimoja hakuendi kwa pamoja hata siku moja. Hicho ndicho kisahani cha Tyer, ila hakishikiki mkononi.

Mwaka uliofuata likaja la pili, nalo lilikuwa gumu zaidi. Wahandisi wa Android walikuwa wakilalamika: simu inaamua kulala, na katika nukta hiyo hiyo inapigwa. Je, italala na kumkosa mpigaji? Wao walikuwa na njia yao ya kuizuia simu isilale, na ubishi na watu wa Linux ukawa mrefu. Toleo la 2.6.36, Oktoba 2010, likaleta jibu la Wysocki, nalo lilinifurahisha kama fumbo zuri la hadithi. Mashine inahesabu kila hodi inayobishwa. Programu inayotaka kuilaza inaisoma hesabu, tuseme ni 57. Inamaliza kazi zake ndogo ndogo. Kisha inarudi na kusema, "Nilisoma 57, naomba kulala." Kama hesabu bado ni 57, ruhusa. Kama imefika 58, ombi linakataliwa, kwa sababu kuna mtu kabisha hodi wakati unajiandaa. Baada ya hapo mashine yenyewe inaendelea kuhesabu wakati inalala, na hodi ikiingia safari inakatishwa. Lile jibu la kweli linaloweza kugeuka uongo linapimwa upya kabla halijatumiwa.

Nilimwuliza fundi, basi draiva mwema anafanyaje? Akaniorodheshea kwa vidole, nami nikaandika nyuma ya risiti.

Kwanza, anafunga mlango kabla ya kufagia. Anakataa kazi mpya, ndipo anasubiri zile za zamani ziishe, ndipo anakata umeme. Akianza kusubiri bila kufunga, atasubiri huku nyingine zinaingia nyuma yake.

Pili, anazima kipima muda na kunyamazisha hodi za kifaa, na hatosheki na kuzima. Anangoja mpaka hodi iliyokwisha kuingia imalize shughuli yake. Vinginevyo kuna kipande cha programu kinachoendelea kukiuliza maswali kifaa kilichokufa, na mara nyingi jibu lake ni rundo la moja tupu ambalo lafanana na habari.

Tatu, anafuata mpangilio wa ukoo. Mtoto analala kabla ya mzazi, na mzazi anaamka kabla ya mtoto. Kadi haiwezi kuamka ikiwa njia inayoibeba bado imelala.

Nne, anaogopa kufuli lenyewe. Akilishika kufuli huku anamsubiri mwenzake, na mwenzake anasubiri kufuli hilo hilo, wote wawili watakaa hapo mpaka betri iishe. Nilipomwambia mjomba hilo la nne akaguna, akasema hata treni zinaweza kusubiriana kila moja kwenye stesheni yake, zote salama, na abiria wasifike.

Kwangu fundi hakumrekebisha draiva mwenyewe. Aliiambia mashine isikisinzishe kabisa kisoma kadi, kiwe macho muda wote. Ni agizo la neno moja kwenye faili dogo. Betri sasa inaisha mapema kidogo. Nimekubali, maana kila usalama una nauli yake, hata treni ya mjomba ilikuwa inachelewa kwa kusubiri ruhusa.

Sura ya nane niliianza upya. Nilimwuliza mama, nikamwuliza na mama mkubwa, maana wote walikuwa watoto walipohama. Mmoja anasema bibi alibeba kinu, mwingine anasema kinu kilibaki na alichobeba ni mbegu. Bibi aliniambia ni kipi, na niliandika, na sikumbuki tena. Toleo jipya lina kurasa 19. Ndani yake nimewaacha mabinti wawili wabishane juu ya kinu, kwa sababu huo ndio ukweli ninaoumiliki sasa.

Tangu Desemba 2019 treni za abiria zilirudi tena kwenye reli ile, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Usiku ule nilipolala Korogwe, mjomba aliniamsha saa ambazo sikuzielewa. "Sikiliza," akasema. Kwa mbali treni ilikuwa inapiga honi. Hakusema lolote zaidi, na mimi nikarudi kulala.

Nawe mwandishi mwenzangu, nakala yako ya pili iko wapi?